Firigisi Niliyompa Mwanangu

Mimi niliishia darasa la saba, na hilo silifichi. Wanaoficha ni wale waliosoma sana wakakosa cha kuonyesha. Nilikuja Doha nikiwa soja, yaani mlinzi, nikasimamishwa mlangoni mwa ghorofa moja kule West Bay, miaka minne, na kwa miaka hiyo yote sikupanda lifti ya wageni hata mara moja. Leo nina mabasi madogo kumi na moja yanayobeba wafanyakazi asubuhi na jioni. Kwenye karatasi yameandikwa jina la kafili wangu, Mwarabu wa hapa anayenidhamini, lakini nenda Al Wukair umuulize mtu yeyote mabasi meupe yenye mstari wa kijani ni ya nani. Hatakutajia kafili. Atakuonyesha nyumba yangu, na kama hana haraka atakusindikiza mpaka mlangoni.

Nasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyefanya kosa nitakalolieleza. Si mtu mjinga. Ni mtu aliyezoea kupatia.

Nina mtoto wa kiume anayeishi Uholanzi. Mama yake nami tulikaa pamoja bila harusi tukiwa vijana sana. Nilipopata kandarasi ya Doha, yeye naye alipata njia yake: shangazi yake alikuwa akitunza wazee huko Ulaya, akamwita. Akaondoka na mtoto, mtoto akiwa na miaka saba. Baadaye akaolewa na Mholanzi, fundi wa mabomba, mtu mpole kwa habari zote nilizozipata. Mimi mwanzoni nilikuwa nikipiga simu kila wiki, kisha kila mwezi, kisha sikukuu tu. Hapo sina la kujisifia, kwa hiyo naparuka.

Mtoto huyo sasa ana miaka ishirini na saba na ni injinia wa lifti. Soma tena hapo. Mtoto wa soja aliyekatazwa lifti anakagua lifti. Mwaka huu kampuni yake ilimtuma Doha siku kumi, kukagua lifti za ghorofa moja West Bay. Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa kazi. Angeweza kulala hotelini akaondoka nisijue kama alifika. Lakini alinipigia simu akasema, kama kuna nafasi, angependa kukaa kwangu.

Kama kuna nafasi. Nyumba yangu ina vyumba vinne vya kulala.

Katika siku zile kumi nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka. Kwetu magharibi mwa Kenya, mtoto wa kiume huonyeshwa na baba yake mahali pa kujenga ndani ya boma. Asipoonyeshwa, hata awe na cheo gani, wazee wanamhesabu kama mtu anayepita njia. Mama yangu yu hai bado, na kila mwaka ananiuliza yule wa Ulaya atakuja lini kuonyeshwa. Nilitaka mwanangu akubali twende naye Desemba. Hilo tu. Nikapanga kwamba kwanza nitamwonyesha baba yake ni nani hapa Doha, halafu nitamuuliza, naye hatakuwa na sababu ya kukataa.

Nilimtambua uwanja wa ndege kwa mwendo. Anatembea kama marehemu baba yangu, bega moja limetangulia. Kiswahili chake kilikuwa kimesimama palepale kilipoachwa. Mwanamume mwenye ndevu, mrefu kunipita, akaniamkia vizuri, kisha akaniambia, "Baba, mimi nasikia njaa," kama mtoto aliyetoka shule. Nikageuka nikajifanya natafuta tiketi ya kuegesha gari.

Alifika Alhamisi. Huku kanisani tunaenda Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, na baada ya ibada watu wa kwetu huja kula kwangu. Ni desturi niliyoianzisha mimi. Ijumaa ile nilienda mwenyewe kununua kuku wazima, watatu, kwa sababu kuku wa barafu wa supamaketi hana firigisi yake. Wanaziuza kando kwenye pakiti na huwezi kujua ni ya kuku gani. Mchinjaji ni Mbangali mmoja ambaye kila mara anataka kutupa matumbo yote. Kila mara namwambia, rafiki, hiyo usitupe, naye kila mara anaichomoa akinitazama kama mtu anayeokota taka.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi haina mjadala. Ni ya mwenye boma. Mke anaiweka kwenye sahani ya mume, watoto wanaitazama kwa macho, basi. Ila akija mgeni mkubwa sana, mkwe kwa mfano, mwenye boma anaweza kuitoa kwenye sahani yake akampa. Hapo kila aliyeketi anaelewa kwamba mgeni huyo amepandishwa mpaka mwisho. Mimi niliwahi kumpa kafili wangu alipokuja kunitembelea. Aliitazama kama jiwe, lakini aliila.

Basi siku hiyo nyumba ilijaa. Mwanangu nikamketisha kwenye kiti cha ngozi, kile cha peke yake. Nikamwekea uma na kisu na maji ya chupa. Beseni la kunawa likaanzia kwake. Alikuwapo dereva wangu wa kwanza, mzee wa kijiji cha jirani na chetu, mtu mwenye ulimi. Akamtazama mwanangu, akanitazama mimi.

"Kumbe una mzungu ndani ya nyumba na hukutuambia tuvae soksi nzima?"

"Ni mzungu wangu huyu," nikasema. "Ana pasi ya Ulaya. Visa amegongewa palepale uwanjani, hata hakuomba."

"Na sisi tuliongoja visa miezi minne tunaitwaje?"

"Mnaitwa madereva."

Wakacheka, na mwanangu naye akacheka kidogo, ingawa nusu ya maneno hayakumfikia. Nikawaeleza kazi yake. Nikawaeleza mshahara wa mtu mwenye pasi kama yake na wa mtu mwenye pasi kama yetu, ghorofa moja, kazi moja. Hayo hawakuyacheka, wanayajua. Kisha chakula kikaja, mke wangu akaweka firigisi kwenye sahani yangu kama kawaida, nami nikaichukua kwa vidole viwili, nikanyoosha mkono juu ya meza, nikaiweka kwenye sahani ya mwanangu.

Yule dereva aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Hii ni firigisi?" mwanangu akauliza. Neno hilo alikuwa nalo.

"Ndiyo. Leo ni yako."

Aliitazama muda mrefu kuliko kafili. Akasema asante, akaila, akatazama sahani. Baada ya hapo alijibu alichoulizwa tu. Watu walipomaliza akasimama akusanye sahani, nikamwambia, "Kaa. Wewe hapa usiguse kitu chochote." Akakaa.

Jikoni mke wangu alikuwa akisugua sufuria. Yeye ni nesi, mtu wa kwetu pia, si mama wa kijana lakini ana jicho.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mtoto wa watu gani? Ni wangu. Nimempa heshima."

"Heshima gani?"

"Ile kubwa."

"Haya," akasema, akaendelea kusugua. Huyo mwanamke akisema haya namna ile, jua kuna kitu umevunja na hataki kukuonyesha kilipo.

Kazi ya mwanangu ilianza Jumapili, nami nikawa nampeleka West Bay mwenyewe kila asubuhi, ingawa nina madereva. Jumanne nilimfuata saa ya chakula. Nikaegesha upande wenye kivuli, akaingia garini huku anacheka peke yake.

"Soja alinikataza," akasema.

Akanieleza. Siku hiyo alipita mlango mwingine, na soja wa hapo alikuwa hajamwona bado. Kijana mweusi, kwa lafudhi Mkenya. Alimsimamisha akamwambia kwa Kiswahili, ndugu yangu, wafanyakazi wanapita nyuma, lifti ya mizigo iko kule. Mwanangu akamwonyesha kadi. Yule kijana akasimama wima, akamwita bosi, akamwomba radhi mara tatu.

Mimi damu ilikuwa imeshachemka. Nikaweka mkono kwenye mlango wa gari. Masoja wa barabara ile nusu yao niliwaelekeza kazi mimi, walipokuwa hawajui hata kusalimia.

"Niache nikaongee naye."

"Hapana, Baba. Usiende." Akanishika mkono, na ndiyo mara ya kwanza kunishika tangu afike. "Yeye alisema ndugu yangu. Mimi nimekatazwa milango mingi. Hakuna mtu alikataza na kusema ndugu yangu."

Nikaondoa mkono mlangoni. Tukala sambusa garini, kiyoyozi kinavuma. Ndipo akanieleza habari za kule. Ninaziandika kwa mpangilio. Yeye alizitoa vipandevipande, akikosa neno anachora hewani kwa kidole.

Kule Uholanzi, kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa za watu wa ukoo. Na kalenda hiyo hutundikwa chooni.

"Chooni?" nikamkatiza.

"Chooni, Baba."

"Majina ya watu wao?"

"Ukikaa unaona nani anazaliwa mwezi huu. Unakumbuka kumpigia simu."

Nikamwambia aendelee, lakini nilihitaji dakika moja.

Nyanya wa kule, yaani mama wa yule baba yake wa kambo, alikuwa na kalenda ya namna hiyo. Haina siku za wiki, kwa hiyo haibadilishwi. Moja inakaa miaka na miaka. Wajukuu wote walikuwa wameandikwa kwa wino wa bluu. Yeye aliandikwa kwa penseli. Mwaka wa kwanza alidhani ni kwa sababu wamefika juzi tu. Kila Jumapili walikwenda kwa nyanya, na kila Jumapili yeye alikwenda chooni kutazama. Alipofikisha miaka kumi na mitano, bado penseli.

"Alikuwa mbaya?" nikamuuliza.

"Mzuri sana. Alinifumia sweta."

Hiyo ndiyo sehemu aliyoirudia, kwamba alikuwa mzuri. Keki ikikatwa, kipande cha kwanza ni chake, kabla ya wajukuu wengine. Wale wengine walifungua friji bila kuuliza, wakaacha viatu mlangoni, wakachezea redio, wakagombezwa. Yeye alikuwa na kikombe kizuri chenye maua, kile cha wageni. Akitaka kuosha vyombo anaambiwa kaa, kaa tu. Na mtaani hali ilikuwa hiyohiyo. Watu wa heshima wanamuuliza anatoka wapi. Akitaja ule mji wao wenyewe wanatabasamu, halafu wanauliza tena, polepole zaidi, kana kwamba hakusikia swali.

"Miaka yote ile," akasema, "nyanya hakunigombeza hata siku moja. Wewe unajua hiyo ni nini?"

Nilikuwa na kipande cha sambusa mdomoni.

Yule nyanya alikufa miaka mitatu iliyopita. Walipokuwa wanatoa vitu ndani ya nyumba, mwanangu akaishusha ile kalenda ukutani. Wino wa bluu ulikuwa unasomeka vizuri. Mwezi wake ulikuwa kama mtupu. Hakuna aliyefuta, ila penseli ilikuwa imefifia yenyewe.

Halafu akakunja karatasi ya sambusa mpaka ikawa ndogo kama kucha.

"Mama alikuwa ananiambia. Mimi mdogo, tunakula kuku, namwambia firigisi iko wapi. Mama anasema, hapa firigisi haina mwenyewe. Kwa baba yako, mwenyewe yupo. Ukienda kwake hutapewa firigisi. Utapewa shingo, kama watoto wa boma."

Akatazama mbele, kwenye magari.

"Halafu wewe ukanipa."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya, mimi ugomvi nimeuzoea. Na mimi si mtu wa kukosa neno. Nimewahi kubishana na askari wa trafiki kwa Kiarabu cha kuokoteza nikamshinda. Siku hiyo nilikaa na mikono kwenye usukani kama ninaendesha, na gari halijatiwa gia. Jambo la Desemba lilikuwa kwenye ulimi, nilikuwa nimepanga kulisema siku hiyohiyo, pale West Bay, chini ya ghorofa. Nikalimeza. Ningemwambiaje twende nikuonyeshe mahali pako, mimi niliyekwisha kumwonyesha mbele ya watu kumi kwamba ni mgeni? Nilimpa kikombe cha maua. Tena mimi nilikuwa nimekijaza mpaka juu.

Asubuhi yake nilimwambia mke wangu yote. Akasema, "Haya," lakini hii ilikuwa haya nyingine.

Ijumaa ya pili ilikuwa siku yake ya mwisho. Ndege ilikuwa Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi nilisukuma mlango wa chumba chake bila kubisha.

"Amka. Kuku hawajinunui."

"Ni siku ya kupumzika, Baba."

"Ya nani?"

Akaja, uso umevimba kwa usingizi. Sokoni nikampa kuku wawili awashike mpaka zamu yetu ifike, akawashika kama mtu aliyepewa bomu. Nikamgombeza. Nikamwambia ashike miguu, na ageuze mkia kule, shati ni jeupe hilo. Mchinjaji akataka kutupa matumbo, mwanangu akawa anatazama simu, nikamgombeza kwa kutoangalia kazi. Nyumbani akaacha viatu katikati ya mlango, nikamgombeza. Nilimgombeza mara nne kabla ya saa tatu asubuhi. Ya kwanza nilijilazimisha. Tatu zilizofuata zilikuja zenyewe, na ya nne alinijibu, tena kwa sauti.

Mke wangu akiwa jikoni alikuwa anaimba wimbo wa kanisani.

Baada ya ibada watu wakaja. Kile kiti cha ngozi akakikalia yule dereva, kwa sababu ya umri na kwa sababu aliwahi. Mwanangu alitaka kuketi, nikamwambia, "Leta maji watu wanawe."

Dereva akainua nyusi. "Leo mzungu ananawisha?"

"Mzungu gani? Huyu ni mtoto wa hapa. Wewe nyoosha mikono."

Akaja na beseni na jagi, kitambaa begani kama alivyoelekezwa na mke wangu. Akasimama katikati ya chumba.

"Naanza na nani?"

"Na mkubwa," nikasema.

"Mkubwa ni nani?"

"Kwa umri ni mimi," dereva akasema. "Kwa mdomo ni baba yako. Anza huku."

Akamimina kama anazima moto. Maji yakamwagika mapajani mwa dereva.

"Polepole, kijana. Suruali ya kanisani hii. Baba yako hakukufundisha?"

"Hakuwa amefika hapo," mwanangu akasema.

Watu walicheka sana, nami nikacheka, ingawa lilinichoma mahali. Lilikuwa la kweli na alikuwa na haki nalo. Akazunguka chumba chote, akamalizia kwangu. Kwangu alimimina taratibu.

Chakula kikaja. Firigisi ilikuwa kwenye sahani yangu. Watu waliokuwapo wiki iliyotangulia walinitazama, wakamtazama yeye, wakingoja nifanye kama nilivyofanya. Nikaichukua, nikaitia mdomoni mwangu mwenyewe. Nikatafuna bila haraka, firigisi haitaki haraka. Mwanangu alikuwa ananitazama jinsi nilivyokuwa namtazama baba yangu, utotoni, nikihesabu ametafuna mara ngapi. Nimekula vyakula vya hoteli kubwa za mji huu kwa mwaliko wa watu wakubwa, na hilo ni kweli, waulize. Hakuna siku nimetazamwa nikila namna ile.

Mke wangu alikuwa amempa shingo. Kijana akaigeuza, akaipindua, akatafuta nyama iko upande gani.

"Mbona mimi shingo?" akauliza. Na sauti aliyoitumia haikuwa ya miaka ishirini na saba.

"Ukiwa na boma lako utakula firigisi," dereva akamwambia, mdomo umejaa. "Sisi wote tulikula shingo."

"Boma langu liko wapi?"

Watu wakacheka tena, wakidhani ni utani kama ule wa suruali. Mke wangu hakucheka. Mwanangu hakuwa anamtazama dereva, alikuwa ananitazama mimi, na shingo ya kuku mkononi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Uma aliuacha mezani.

Nilimeza kwanza.

"Ukiingia langoni kwetu," nikamwambia, "nyumba ya nyanya yako iko mbele yako. Mkono wako wa kulia kuna kisima. Kati ya kisima na ua wa michongoma kuna uwanja. Nyanya yako anapanda mahindi hapo ili pasikae bure, lakini hakuna aliyeruhusiwa kujenga. Mdogo wangu alipaomba, nikamkatalia."

"Kwa nini?"

"Ni pako."

Akarudi kwenye shingo. Akaing'ata pembeni, akapata kipande kidogo, akakitafuna. Mazungumzo ya watu wengine yalikuwa yameshahamia kwenye mpira.

"Desemba huko kuna mvua?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Imekwisha. Desemba ni pakavu. Mahindi yanakuwa yamevunwa, uwanja unaonekana wote."

"Nina siku kumi na mbili za likizo."

"Zinatosha."

"Nitamwambia Mama."

"Mwambie. Msalimie pia."

Watu wakawa wamemaliza, wengine wamejilaza kwenye makochi. Nikamwambia atoe sahani. Akasema anamalizia shingo yake. Nikamwambia hapana, sasa hivi, watu wanataka chai. Akanung'unika kitu kwa Kiholanzi ambacho sikuhitaji kutafsiriwa, akasimama, akaanza kukusanya sahani moja juu ya nyingine, shingo akiishikilia kwa meno.